Miwani na Bodi ya Lifti

Siku walipomteremsha Dereva kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne walishika miguu ya kiti na binti yake akatangulia mbele, akishuka kinyumenyume, mikono ameitanua kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani. Lifti ilikuwa na wiki ya tatu imekufa. Mzee alikuwa na miadi na daktari wa nyonga, miadi iliyochukua miezi kupatikana, na kutoka ghorofa ya nane hadi chini hapakuwa na njia nyingine isipokuwa ngazi. Hadi ya tano walikwenda vizuri, wakitaniana. Walipokata kona kuingia ya nne, mbebaji mmoja akateleza, kiti kikalala upande, na mzee akairukia reli ya ngazi akaing'ang'ania kwa mikono yote miwili. Kiti kilipowekwa sawa, bado hakuiachia. Ikabidi binti yake apande vidato viwili, amwinamie, na kumbandua vidole kimoja kimoja huku akimnong'oneza, "Nipo, Baba. Nipo. Achia."

Kwa daktari alifika, na kumpandisha walimpandisha. Lakini alipokwisha kuketi kwenye kochi lake karibu na dirisha, alivua kofia, akaiweka gotini, akasema:

"Nimeendesha treni miaka thelathini na moja. Nimebeba watu, nimebeba saruji, nimebeba ng'ombe. Leo nimebebwa mimi, kama kabati linahamishwa. Sitaki tena. Nikishuka humu, nitashuka kwa lifti au kwa miguu yangu. La sivyo, sishuki."

"Na daktari, Baba? Amesema urudi kila mwezi, ufanye mazoezi."

"Daktari ana miguu. Apande."

Binti akacheka, maana ilibidi acheke. Alipofika nje ya mlango hakucheka tena. Alimjua baba yake. Neno likishatoka kinywani mwake, limetoka.

Huyo binti, mama wa miaka hamsini na mbili, mtaa mzima ulimwita Miwani, kwa sababu alivaa miwani mbili kwa wakati mmoja: moja puani ya kuonea watu, nyingine kichwani ya kuonea kazi. Alikuwa fundi wa redio, televisheni, na chochote chenye waya kilichopita mbele ya kibanda chake. Ufundi hakuurithi kwa mtu. Aliajiriwa msichana wa miaka kumi na tisa katika jengo la simu, akakalishwa kwenye benchi refu na wasichana wengine ishirini, wakilehemu viungo vya mitambo ya simu tangu asubuhi hadi jioni. Wenzake walikuwa wakihesabu saa. Yeye alikuwa akifuata waya kwa macho, hii inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa nini hii inapita nyuma ya ile. Siku moja msimamizi alimkuta amelala chali chini ya mtambo, miguu tu ndiyo inaonekana, akamuuliza anatafuta nini. "Mwisho wake," alijibu. Mitambo mipya ilipokuja, benchi zima likapewa barua za kwaheri. Wengi walikwenda kushona au kuuza duka. Miwani alinunua chuma cha kulehemu, akapanga kibanda kati ya mchonga funguo na studio ya picha za pasipoti, na hapo ndipo alipolea watoto wawili hadi wakaondoka na kwenda na maisha yao.

Kesho yake baada ya kile kisa cha kiti alikwenda kwa msimamizi wa jengo, mtu mpole aliyependa kusema "suala lako linashughulikiwa" hata kabla hujalitaja. Msimamizi akampandisha juu ya paa hadi chumba cha mashine. Mota ilikuwa nzima, kamba nzima, breki nzima. Lakini paa lilikuwa limevuja, maji yakaingia kwenye kabati la umeme, na bodi kuu, ile inayoamua lifti iende ghorofa gani na isimame wapi, ilikuwa imeungua. Theluthi nzima ya upande wa kushoto ilikuwa makaa. Ukigusa, inabaki kidoleni.

"Kampuni iliyotengeneza ilishafungwa," msimamizi alisema. "Vipuri hakuna. Mchoro hakuna. Kamati imependekeza lifti mpya."

"Itakuja lini?"

"Suala hilo linashughulikiwa."

Miwani akashusha miwani ya kichwani, akaitazama bodi kwa muda mrefu, hata msimamizi akaanza kukohoa. Kulikuwa na chipu tatu za kumbukumbu, zile zenye akili yote ya lifti ndani yake, zimekaa kwenye soketi zao upande wa kulia, mbali na moto. Safi kabisa. Basi akili ipo. Kilichokufa ni mwili.

"Nipe hii bodi," alisema. "Nitatengeneza nyingine."

"Bila mchoro?"

"Mchoro nitautoa humuhumu."

Alikuwa amesikia kuna programu ya kompyuta ya kazi hiyo. Aliitafuta, akaipata, ya bure, imeandikwa na mtu fulani wa mbali ambaye maelezo yake aliyasoma nusu na nusu akabahatisha. Kazi yake ilikuwa hivi: unaipa picha ya uso wa juu wa bodi na picha ya uso wa chini. Yenyewe inaigeuza ile ya chini na kuilaza juu ya mwenzake hadi tundu likae juu ya tundu, kana kwamba bodi imekuwa kioo na unaona pande zote mbili kwa pamoja. Halafu wewe unafuata njia za shaba, moja baada ya nyingine, unaiambia hii ni rezista, hii ni chipu, huu mguu wa kwanza, huu wa pili. Ukimaliza, inakuchorea ramani ya nini kimeunganishwa na nini. Miwani alipoelewa, alipiga paja kwa furaha. Kumbe kuna mtu mwingine duniani ambaye alilala chali chini ya mtambo kutafuta mwisho wa waya!

Picha za simu yake hazikufaa. Katikati tundu zilikutana, pembeni zikaachana, kwa sababu kilenzi cha simu kinavimbisha kila kitu kama samaki ndani ya chupa. Akaibeba bodi, akaingia studio ya jirani.

Mpiga picha alikuwa mtu wa utani, na picha za pasipoti alikuwa amezichoka. Aliikagua bodi mbele na nyuma, akauliza kwa uso mkavu:

"Anasafiri kwenda wapi?"

"Ghorofa ya nane."

"Basi mwambie asitabasamu, na masikio yote mawili yaonekane."

Lakini alipoanza kazi hakutania tena. Aliisogeza kamera mbali, kule mlangoni, akaivuta picha kwa lenzi ndefu ili pembe zisipinde. Taa akazigeuzia ukutani, kwenye shuka jeupe, ili shaba isimetemete. Akaweka rula kando ya bodi. Alipiga na kupiga, akarudia, siku tatu kila alipopata nafasi kati ya mteja na mteja. Na alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliilalamikia miaka yote: hafuti picha, hata mbovu.

Miwani alikaa na picha hizo wiki tano. Tundu mia sita na kumi na mbili. Kila moja alilipa namba. Asubuhi alitengeneza redio za watu, alasiri akafunga nusu ya mlango na kufuata njia za shaba kwenye kioo cha kompyuta. Kila Jumapili alipanda ngazi mia moja na sitini hadi kwa baba yake na mfuko wa mahitaji, akamkuta amekaa dirishani akihesabu mabasi. Mara ya kwanza mzee aliuliza habari za lifti. Mara ya pili pia. Mara ya tatu hakuuliza, na hilo lilimuuma Miwani kuliko kuulizwa. Miguu ya mzee ilikuwa inakonda. Alikuwa amepunguza hata kutembea kutoka chumbani hadi jikoni.

Wiki ya sita akagundua jambo lililomkaanga roho. Tundu arobaini na tatu zilikuwa na njia zinazoingia na hazitoki popote. Alidhani amekosea, akarudia. Zile zile arobaini na tatu. Akaisimamisha bodi dirishani, jua likapita ndani yake, na hapo akaona: kati ya uso wa juu na wa chini kulikuwa na vivuli vingine. Bodi haikuwa na kurasa mbili. Ilikuwa na nne, zimegandishwa pamoja, na hizo mbili za ndani kamera haiwezi kuziona hata ukiileta kamera ya mwezini.

Na theluthi ya kushoto ni makaa. Alifunga kompyuta, akakaa mikono mapajani. Mchonga funguo akampungia mkono akiondoka kwenda nyumbani, hakumwona.

Kesho yake alikwenda kumtafuta Mzee Kamba. Huyu alikuwa fundi lifti mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizikagua kamba za lifti kwa kuzipitisha mkononi huku amefumba macho. Alimkuta uani kwake anamwagilia mboga. Bodi ilipotolewa kwenye kitambaa, mzee alikaa chini kabisa, kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Hii naijua," alisema. "Nimeifunga mimi mwenyewe, mwaka ule jengo linafunguliwa. Wameiua!"

"Mzee, nataka kuijua ndani. Nikiisugua hii kwa msasa hadi ndani, nitaona upande huu mzima tu, na sitabaki na kitu cha kupimia."

Mzee Kamba akafikiri, akakuna kidevu.

"Ina dada yake. Ile hoteli iliyofungwa, nyuma ya posta. Lifti mbili, mama mmoja baba mmoja. Twende tukaone kama bado yupo hai."

Hakuwa hai. Mlinzi wa hoteli aliwaruhusu baada ya kumpigia mwenye jengo simu, wakapanda juu kwa ngazi, Mzee Kamba akipumzika kila ghorofa. Kabati walilikuta wazi. Wezi wa shaba walikuwa wameing'oa bodi kwa nguvu wakaikuta haina uzito, wakaitupa pembeni. Ilikuwa imevunjika vipande viwili kama biskuti. Kwa lifti haifai kitu tena. Lakini Miwani aliviokota vipande vile, akaviunganisha hewani, akaona upande wa kushoto upo wote, shaba yote ipo, hakuna moto. Akamkumbatia mzee wa watu, vumbi na yote.

Kupiga msasa bodi kunataka subira ya kumnyonyesha mtoto mwenye homa. Alibandua vipuri vyote kwanza. Kisha akaweka kioo cha dirisha ndani ya beseni la maji, msasa juu ya kioo, na kuisugua bodi polepole kwa mduara, ndani ya maji ili unga wa nyuzi za kioo zilizomo kwenye bodi usimwingie mapafuni. Sugua, suuza, tazama. Sugua, suuza, tazama. Uso wa juu ukaisha, ukatokea wa ndani wa kwanza, unang'aa rangi ya waridi, njia zake nyembamba kama mistari ya kiganja. Mpiga picha akaitwa, akaja na kamera yake na taa zake, akabaki hapohapo kibandani anapiga kila hatua. Miwani aliona kwa macho yake zile njia zilizozama miezi miwili. Arobaini na tatu! Nusu yake hizi hapa, nyingine zitatokea ukurasa unaofuata.

Ukurasa wa ndani wa pili ulikuwa karibu kutokea wakati dada yake mkubwa alipopiga simu. Miwani alijibu kwa kuibana simu begani, mikono ingali majini.

"Nimetoka kuongea na Baba," dada alisema. "Sauti yake ni ya mtu aliyelala. Mdogo wangu, mwezi wa tatu huu. Kwangu kuna chumba cha chini, mlango unatokea uani."

"Amekataa, Dada. Nyumba yake ni ile."

"Amekataa kwa sababu wewe unamwambia lifti inakuja. Unachezea vibao huko, baba yetu anaozea juu!"

"Sichezi."

"Mwisho wa mwezi ujao nakuja na gari na watu wa kumbeba. Atake asitake. Nimeshasema."

"Dada, nimesema sichezi!"

Simu ikakatika. Miwani akatazama chini. Mkono ulikuwa umesugua kwa hasira wakati wote wa maneno, na pembe moja ya bodi ilikuwa imepita. Pale palipotakiwa kuwa na njia tisa, palikuwa na rangi ya manjano tupu. Shaba imekwenda na maji.

Mpiga picha alikuwa ameona. Alimpa taulo.

Miwani alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akavuta ile bodi ya kwanza, iliyoungua, akashukuru kwamba hakuigusa kwa msasa, maana pembe ile kwenye bodi ile ilikuwa nzima. Akachukua mita yake, akaiweka kwenye mlio, akaanza kugusa tundu kwa tundu. Palipo na muungano, mita inalia: pii. Pasipo na muungano, kimya. Tundu zaidi ya ishirini, kila moja dhidi ya kila nyingine. Ilimchukua siku mbili na shingo ikakakamaa, lakini njia zote tisa alizipata, akaziingiza kwenye programu, na mchoro ukakamilika. Kurasa kumi na moja. Alipozipanga sakafuni kibandani ilibidi avue viatu ili apite.

Kwa kuufuata mchoro huo akapanga njia za bodi mpya, akapeleka faili lake kiwandani, huko wanakotengeneza bodi kwa oda na kutuma kwa posta. Ilipofika aliifungua mbele ya Mzee Kamba, mpya, ya kijani, inanuka utomvu. Alilehemu wiki nzima. Mwisho akazitoa zile chipu tatu kwenye bodi ya zamani kwa ncha ya bisibisi, akipumua kwa pua, akazikalisha kwenye soketi mpya.

Waliijaribu lifti ikiwa tupu. Mzee Kamba alikuwa amepima breki na kamba kwa siku tatu, kwa sababu hayo, alisema, hayana mjadala na bodi ya mtu yeyote. Wakaiita ya pili, ikaenda ya pili. Wakaiita ya nane, ikaenda ya nane. Siku nzima ilipanda na kushuka bila mtu, milango ikifunguka na kufungwa, na watoto wa jengo wakawa wanaipigia makofi kila ghorofa.

Kisha akaja mkaguzi. Hakuna lifti inayobeba watu bila sahihi yake. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, hasalimii mpaka amalize kuandika alichokuwa anaandika. Akaamuru lifti ijazwe mifuko ya mchanga, uzito kamili. Milango ikafungwa, mota ikavuta, lifti ikaondoka. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kati ya tatu na nne taa za bodi zikazimika, zikawaka, na lifti ikasimama imening'inia. Breki zilishika vizuri. Lakini ilisimama.

Wakarudia. Mara hii ilifika ya pili tu.

Mkaguzi akafunga jalada lake. "Mama, sikukatazi," alisema. "Nakwambia haijapita. Nitarudi baada ya wiki mbili. Ikikataa tena, nafunga chumba hiki."

Wiki mbili. Na dada yake anakuja siku ileile, mwisho wa mwezi. Msimamizi wa jengo aliingiza mikono mfukoni akatazama viatu vyake. Miwani alibandua bodi, akaiweka kwenye kitambaa, akashuka nayo.

Alikagua kila kiungo cha lehemu kwa lenzi. Vizima. Akabadilisha kapasita za umeme. Hakuna tofauti. Mzee Kamba alikuja kukaa naye kibandani, akatoa maoni ya mtu aliyesikiliza mashine maisha yake yote.

"Kila mota inapovuta kwa nguvu, bodi inapiga chafya," alisema. "Kuna vumbi linaingia. Vumbi la umeme. Ndani ya bodi lazima kulikuwa na kitu cha kulichuja."

"Kichujio kipo, Mzee. Koili hii hapa. Nimeifunga kama ilivyokuwa."

"Basi muulize kwa nini hafanyi kazi."

Ilikuwa siku ya nane. Miwani alifungua mchoro kwenye kompyuta, akaitafuta ile koili kati ya mamia ya vipuri, akaitazama. Akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani. Miguu yote miwili ya koili ilikuwa imeunganishwa kwenye njia moja ileile. Umeme unaweza kuingia na kutoka bila kupita ndani yake kabisa. Nani angeweka kitu hivyo? Ni sawa na kujenga daraja halafu kupitisha barabara kando yake.

Njia hiyo ilikuwa katika ile pembe. Moja ya zile tisa.

Aliingia studio akihema. "Jirani, siku ile nilipoiharibu pembe. Ulipiga picha ngapi?"

"Ulizotaka ni mbili."

"Najua nilizotaka. Ulipiga ngapi?"

Mpiga picha akajikuna kichwa kama mtu aliyekamatwa. Alikuwa amepiga kumi na saba, akijaribu taa wakati Miwani yuko kwenye simu. Walizifungua moja moja. Ya kumi na mbili ilikuwa na kivuli cha bega la Miwani, imeinama, mbaya, lakini pembe bado ilikuwa nusu ipo. Akaikuza. Njia ya shaba ilitoka kulia, ikafika kwenye tundu la mguu wa kwanza wa koili, ikaishia hapo. Haikuendelea hadi mguu wa pili. Kamwe haikuwahi kuendelea.

Akarudi mbio kwenye mita, akaigusa bodi ya zamani mahali palepale. Pii. Akaitoa kwenye mlio, akaiweka ipime kwa namba. Haikusoma sifuri. Ilisoma mbili na kitu. Mlio ulikuwa umepita ndani ya koili yenyewe, na koili ni waya uliozungushwa tu, na mita ikalia kana kwamba ni shaba moja. Miaka yote hii ya kufundisha wengine wasiuamini mlio peke yake, na yeye mwenyewe ameuamini.

"Mjinga mimi," alisema, na alilisema kwa furaha kiasi kwamba mpiga picha alimwangalia mara mbili.

Dawa yake ilikuwa mkato mmoja wa wembe, upana wa punje ya mchele. Bahati njia ile kwenye bodi mpya aliipitisha uso wa juu. Aliikata, akapima, akapima tena kwa namba. Halafu, kwa sababu hakutaka kubahatisha tena maishani, alipitia zile njia nane nyingine za pembe ile, moja moja, kwenye picha kumi na saba za jirani yake. Zote zilikuwa sawa.

Mkaguzi alirudi siku aliyosema, saa aliyosema. Mifuko ya mchanga ikapakiwa. Lifti ikapanda hadi ya nane bila kukohoa, ikashuka, ikapanda. Aliisimamisha ghafla mara sita. Alikata umeme katikati ya safari, akaurudisha. Aliandika muda mrefu. Kisha akaomba mchoro, na Miwani akampa kurasa kumi na moja, zimefungwa kwa uzi.

Mkaguzi alizipitia zote akiwa amesimama. "Lifti hii nimeikagua miaka ishirini," alisema mwishowe. "Leo ndiyo mara ya kwanza naona imechorwa." Akatoa kalamu ya katikati, akatia sahihi. Ndipo akamsalimia, kwa mkono, na kumuuliza habari za nyumbani.

Miwani alipanda kwa lifti hadi kwa baba yake. Mzee alimtazama usoni na kujua, lakini alikuwa dereva, na dereva haondoki hivihivi.

"Breki nani kapima?"

"Mzee Kamba. Siku tatu. Na mkaguzi leo."

"Zikishika zinashika taratibu au kwa kishindo?"

"Taratibu, Baba."

"Na hii bodi umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

Mzee akavaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo mwenyewe, jambo lililochukua muda wake. Akaomba fimbo na bega la binti yake. Ndani ya lifti alisimama wima, mkono mmoja ukutani, akiusikiliza mtambo ghorofa baada ya ghorofa. Walipopita ya nne, alifumba macho. Ya tatu akafumbua.

Chini, mlangoni, gari la dada mkubwa ndiyo kwanza linasimama. Alishuka na vijana wawili na machela, kanga kiunoni, tayari kwa vita. Akamwona baba yake amesimama kwenye jua, ameshika fimbo, mwembamba kama reli, anasoma tangazo la ukutani kwa sauti.

Dada alibaki na mkono kwenye mlango wa gari. Kisha akaja, akampita mdogo wake, akamshika baba yake mashavuni. Kilio alichokuwa amekibeba miezi yote hiyo akakitoa pale pale mbele za watu.

"Unalia nini na nimeshuka?" mzee aliuliza. "Hao vijana uliowaleta waende wakale. Na wewe nipeleke kwa kinyozi. Kwa gari."

Huko mzee na kinyozi waligombana juu ya mstari wa paji la uso kwa nusu saa nzima. Miwani aliyapata kwa simu masimulizi yote kutoka kwa dada yake, kwa sababu yeye hakwenda nao. Alikuwa amerudi kibandani. Kabla ya kufunga alimwandikia yule mtu wa mbali aliyetengeneza programu, kwa lugha ya kuungaunga, kwamba imefaa, na kwamba anaomba kitu kimoja: ikiona kipuri chenye miguu yote kwenye njia moja, ipige kelele.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mtu yule alisema ni wazo zuri, ataliweka, na akauliza kama anaweza kuona ule mchoro wa kurasa kumi na moja. Wakati huo mezani kwa Miwani palikuwa na bodi nyingine, ya mashine ya kufulia ya hospitali, imeliwa na kutu katikati, na mpiga picha amekwishatandika shuka lake jeupe ukutani.

"Huyu naye anasafiri?" aliuliza.

"Isogeze kamera mbali, upige," Miwani alisema, "na usifute hata moja."